Kapu la Mbegu na Taa Nyekundu

Nyumbani kwa Thacienne, pale Kirolirwe, kijiji cha milimani juu ya mji wa Goma, kulikuwa na kapu moja ambalo mtu mwingine hakuligusa. Lilikaa karibu na jiko, juu ya mawe matatu, limefunikwa kwa ungo. Ndani mlikuwa na maharagwe ya mbegu yaliyochanganywa na majivu, kama mama yake alivyomfundisha. Majivu humzuia fukusi, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa maharagwe. Huko kwetu, mbegu isiyo na majivu ni mbegu ya kumpa mdudu.

Lakini chini, kwenye majivu yale, mlikuwa na kitu kingine. Ilikuwa chupa nyeupe ya vidonge.

Thacienne alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alijua hivyo tangu miaka mitatu iliyopita. Mumewe, Nzabandora, alipimwa akakutwa hana. Watu wengine wangefungasha nguo. Yeye alikaa chini, akafikiri, akasema, "Basi tutakunywa dawa," kana kwamba na yeye atameza. Kuanzia siku ile, kila asubuhi, moto ukishawaka, Thacienne aliingiza mkono kwenye majivu, akatoa chupa, akameza kidonge kimoja, akairudisha.

Aliificha kwa sababu ya midomo ya watu. Kirolirwe ina ng'ombe wengi, na masikio mengi kuliko ng'ombe.

"Siku moja utatupikia ile chupa pamoja na maharage," Nzabandora alimtania.

"Ukikuta kifuniko mu sahani, kula tu," Thacienne alijibu. "Hiyo njo nyama ya leo."

Mwaka ule hawakukosa la kuchekea. Thacienne alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii ilikaa, na mtoto alikuwa anacheza. Mama Françoise, muuguzi wa kituo cha afya, aliwaambia wote wawili neno moja, na alilirudia kila mara: mama akimeza dawa kila siku bila kuruka, karibu kila mara mtoto huzaliwa bila virusi. Thacienne alilala na neno hilo na kuamka nalo. Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka mtoto huyu azaliwe mzima.

Mwezi wa saba wa mwaka ule, barabara ya Sake, ile inayopandisha dawa kutoka Goma, ilifungwa. Gari la dawa halikupanda. Thacienne alipofika kituoni, Mama Françoise alimpa vidonge vya siku kumi.

"Ni hivi tu viko," alisema. "Rudi siku ya kumi. Usikose."

Njiani, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi. Thacienne alisikia hatua nyuma yake, za haraka. Aligeuka akamwona jirani yake Murekatete, bila fimbo. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa anatembea na fimbo kwa sababu ya goti.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Nimeichoma," alisema Murekatete. "Papa Albert alinipiga taa. Ile ya leza. Inaingia mu nyama, hausikie kitu. Anasema inaua maumivu na virusi, yote." Akamtazama kidogo. "Miye nakuambia tu. Sisemi uko na kitu."

Albert alikuwa amefika kutoka Bweremana mwezi uliopita. Alikodi nyumba ya mwisho kijijini, ile iliyo karibu na zizi la zamani. Thacienne aliipita mara mbili bila kuingia. Mara ya tatu aliingia. Mwenye hofu hushika hata kinachomkata, na vidonge vya siku kumi vilikuwa vimebaki vitatu.

Ilikuwa saa sita ya mchana, lakini ndani hamkuwa na mchana. Madirisha yalizibwa kwa blanketi nyeusi. Albert alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka. Hakumuuliza jina. Alimketisha kwenye kiti kifupi, akabonyeza kitu kilichofanana na kalamu nene. Doa jekundu likatokea ukutani. Lilitambaa polepole, likapita mlangoni, likapanda mguu wa Thacienne, likasimama kwenye tumbo.

"Leta mukono," alisema.

Aliiweka ile kalamu chini ya vidole vyake. Vidole vikawaka kwa ndani, vyekundu kama kaa la moto. Thacienne aliona damu yake mwenyewe inang'aa, na mistari myeusi kati yake.

"Unaona?" Albert alinong'ona. "Ile njo virusi. Niko nawaona. Wako nakimbia."

Hakuwa anamwambia Thacienne. Alikuwa analiambia tumbo. Na mtoto, ndani, alipiga teke pale pale doa liliposimama.

"Tazama taa," alisema Albert. "Usifunge macho. Na ile dawa ya kituo, acha. Dawa inaficha virusi mu mwili, taa yangu haiwapate. Mwanga na dawa haviishi nyumba moja."

Thacienne alitoka nje na doa jekundu limebaki machoni. Alilitazama kwenye ukungu, likawa kwenye ukungu. Alilitazama kwenye mgongo wa ng'ombe, likawa kwenye ng'ombe. Aliogopa, lakini aliogopa kwa furaha. Alijiambia kwamba kitu chenye nguvu hivi lazima kinaponya.

Siku ya kumi hakurudi kituoni. Mama Françoise alimtuma mtu kumwita, na Thacienne akasema anaumwa mgongo. Nzabandora naye aliambiwa taa ile ni ya mgongo tu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Thacienne alilijua neno hilo vizuri. Alilipita tu, kama alivyoipita ile nyumba mara mbili.

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya kwa akili yake mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Alipoitoa chupa kwenye kapu ili akaifiche darini, aliyatazama majivu. Akawaza: kama taa inaua virusi ndani ya nyama, itashindwa nini kuua fukusi ndani ya haragwe? Akapepeta majivu yote. Maharagwe yakabaki safi, mekundu, mazuri kwa macho. Akayapeleka kwa Albert. Albert alipitisha doa juu yake, mara tatu, na kila haragwe likang'aa.

"Hata hii," alisema kwa upole. "Mududu ni mududu."

Thacienne aliyarudisha kwenye kapu bila majivu, akalifunika.

Wiki zilipita. Kila Jumanne alikaa kwenye kiti kifupi. Kila Jumanne doa lilimtafuta, na mtoto alilipiga teke. Sasa lile jekundu halikumtoka tena machoni. Akikata mboga, lilikuwa kwenye ubao. Akiomba kanisani, lilikuwa kwenye kitambaa cha altare. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, walirudi kutoka kanisani kabla ya mvua. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kesho yake walitaka kupanda. Nzabandora alikaa karibu na moto akavua viatu. Kisha akainua kichwa.

"Nani anatafuna?"

"Hakuna mutu anakula hapa," alisema Thacienne.

"Nyamaza kidogo."

Walinyamaza. Na kweli, ndani ya nyumba yao, kulikuwa na sauti. Ilikuwa ndogo, kavu, haikukatika. Tk, tk, tk. Kama watu wengi sana wanaogonga milango midogo sana. Ilitoka kwenye kapu.

Nzabandora aliweka mkono juu ya ungo, akautoa haraka.

"Iko na moto," alisema. "Kapu iko na homa."

Thacienne alilifunua. Joto likampanda usoni. Maharagwe yalikuwa pale pale, mekundu, mazima, ngozi haikupasuka. Alichukua moja, akalisogeza mlangoni penye mwanga. Kwenye ngozi kulikuwa na kidirisha cha duara, kidogo kama kichwa cha sindano. Nyuma ya kidirisha, kitu cheusi kiligeuka. Alichukua la pili. Lilikuwa na vidirisha vinne. Alipokuwa analitazama, kimoja kilisukumwa kutoka ndani, kikafunguka kama mlango, na mdudu akatoa kichwa.

Alilitupa. Alishika tumbo kwa mikono miwili na kukaa chini palepale kwenye udongo.

"Taa haikuwaua," alisema. "Waliishi mu ndani wakati wote. Nilitoa majivu, wakatoka."

"Ni maharage, mama," alisema mumewe. "Tutaomba mbegu ingine."

"Si maharage. Nimeacha dawa. Wiki sita, sijameza hata moja."

Mvua ilianza kugonga bati, na chini ya mvua kapu liliendelea, tk, tk, tk. Kisha Nzabandora akavaa tena viatu vyake vya kanisani, akaweka kapu lote kichwani, na wadudu wake.

"Simama," alisema. "Twende kwa Mama Françoise. Hata Jumapili iko na mulango."

Mama Françoise aliishi nyuma ya kituo. Aliwafungulia akiwa na kitenge cha nyumbani, akawatazama walivyolowa, akatazama kapu. Thacienne alimwambia yote: taa, chupa, majivu, doa lisilotoka machoni. Alisubiri kutukanwa.

"Ningekuwa na hasira," alisema muuguzi, "lakini nilitoa dawa ya siku kumi kwa mama mwenye mimba, na alipokosa kurudi nilituma mutu, miye mwenyewe sikuenda. Kwa hiyo tuko wawili. Kaa."

Alichukua haragwe moja kwenye kapu, akaliweka kwenye kiganja cha Thacienne.

"Mwili yako imejengwa na vitu vidogo sana, macho haivione. Vinaitwa seli. Ni kama haya maharage, lakini kuyahesabu hauwezi. Sasa, virusi haitembee tu mu damu kama mutu njiani. Inaingia mu ndani ya seli, kama fukusi mu haragwe. Inakula mule, inazaa mule, halafu batoto bake banatoboa, banaenda ku seli ingine. Ukiangalia kwa inje, seli ni nzima. Kama hii ilivyokuwa nzima."

"Na dawa?"

"Dawa njo majivu. Majivu haiue mududu mwenye amelala mu ndani ya haragwe. Inamukataza kwenda ku ingine. Majivu ikibaki kila siku pale pale, analala, anabaki pekee yake. Ukitoa majivu..." Mama Françoise aliinua kidole, wakasikiliza wote kapu. "Munasikia wenyewe."

Nzabandora alikohoa. "Lakini taa, Mama. Murekatete amechoma fimbo. Ile si uongo, tulimuona."

"Sikusema ni uongo. Taa ya leza yenye nguvu kidogo, madaktari ba kweli banaitumikisha kwa maumivu ya viungo, na kwa vidonda. Wengine inawasaidia. Goti ni goti. Virusi ni kitu ingine." Akavuta kiti karibu. "Na nitakuambia hata hii, ili mutu asikudanganye tena na nusu ya ukweli. Kuko wataalamu banaochunguza mwanga ya leza ku seli zenye virusi. Wanaziweka mu kisahani kidogo, wanapima rangi ya mwanga, wanapima nguvu yake na dakika zake. Mu visahani vingine waliona virusi imepungua. Ni kazi nzuri, na haijaisha. Lakini ile ni kisahani. Seli ziko juu, mwanga unazifikia zote. Tumbo yako si kisahani. Virusi inajificha mu matumbo, mu mitoki, zile tezi za shingo na kwapa, mbali kabisa. Hakuna taa yenye inafika mule yote. Na hakuna mutaalamu mwenye alisema uache dawa."

"Aliniambia anawaona wanakimbia."

"Aliona damu yako. Weka mukono ku tochi yoyote, utaona vile vile. Virusi hauioni na macho, hata ungekuwa na macho kumi." Muuguzi aliinua uso wa Thacienne kwa kidole, akafunua kope lake. "Na haya macho Papa Albert amekuharibia kidogo. Leza haitazamwe. Hata ile ndogo ya kuchezea, haitazamwe. Tutaomba Mungu hili doa liondoke."

Jioni ile ile alimpa kidonge na maji, akimeze mbele yake. Gari la dawa lilikuwa limefika tangu wiki nne nyuma. Vidonge vyake vilikuwa vinamngojea kwenye kabati, na jina lake juu yake. Kesho yake akamtoa damu, ikapelekwa Goma kupimwa wingi wa virusi. Jibu liliporudi, lilikuwa baya. Virusi vilikuwa vingi sana.

"Mutoto amepata?" Thacienne aliuliza.

"Sijue," alisema Mama Françoise. Alikuwa mtu wa kusema sijui pale asipojua. "Tuko na miezi miwili na nusu. Rudisha majivu. Kila asubuhi. Hiyo njo kazi yako."

Alirudisha. Lakini alibadili kitu kimoja. Chupa haikurudi mafichoni. Aliiweka juu ya kabati, kati ya vikombe, mahali ambapo anayeingia ataiona kabla hajasalimia.

"Uko na hakika?" Nzabandora alimuuliza.

"Nilificha, njo maana nikaweza kuacha bila mutu kujua. Hata weye."

Wa kwanza kuiona alikuwa Murekatete. Alikuja na bakuli mbili za mbegu, maana habari ya kapu lililolia ilikuwa imeshazunguka kijiji. Alikaa. Akaiona chupa. Akashika kikombe mpaka chai ikapoa. Thacienne alijiandaa kwa maneno ya soko zima.

"Yangu iko mu mufuko ya chumvi," alisema Murekatete.

Thacienne alidhani hakusikia vizuri.

"Miaka tano sasa. Na miye niliacha, kwa ile taa." Alianza kulia polepole, bila kujifuta. "Miye njo nilikuambia uende. Niliogopa kuendelea pekee yangu."

Walikwenda kituoni pamoja siku ile ile, mmoja na tumbo, mwingine na goti. Mama Françoise alipomaliza nao, alikwenda mwenyewe kwa Albert. Alikuta mlango wazi na blanketi zimetolewa. Kwa mara ya kwanza chumba kile kilikuwa na mchana. Albert alikuwa amekaa kwenye kile kiti kifupi, kalamu imelala mikononi. Alisema zamani alimbebea vyombo mtu mmoja aliyetibu viungo, na mtu huyo alipokufa alibaki na taa. Magoti yalipona. Basi akafikiri kila kitu kitapona.

"Kweli niliwaona," alisema. "Virusi vilicheza mu vidole vya wagonjwa."

"Ilikuwa damu, Papa."

Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa tupu. Kwenye sakafu yalibaki maharagwe matatu mekundu, yamejaa vidirisha, na ndani hamna kitu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja damu ya Thacienne ilipelekwa tena Goma. Jibu lilirudi: virusi vilikuwa vichache hata mashine haikuviona. Wiki mbili baadaye alijifungua kituoni. Alikuwa msichana, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Wakamwita Tuyizere. Alipewa dawa ya maji, akanyonyeshwa, na mama yake hakuruka kidonge. Alipofika wiki sita, Mama Françoise alimchoma kisigino, akaweka matone ya damu kwenye karatasi. Karatasi ikashuka Goma. Barabara ikafungwa tena. Wakangoja.

Doa la machoni mwa Thacienne lilikuwa limefifia, limebaki kivuli, lakini alikuwa na lingine moyoni. Mtoto akilala sana, alisogeza sikio kifuani pake, akasikiliza.

Jibu lilifika mwezi wa pili. Mama Françoise hakuwaita kituoni. Alipanda kilima mwenyewe, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Nzabandora alisimama mlangoni.

"Hana," alisema muuguzi, kabla hajafika. "Mutoto hana. Tutamupima tena, mpaka amalize kunyonya. Lakini leo, hana."

Nzabandora, ambaye hakulia kwa kapu wala kwa wiki sita, aligeukia ukuta akalia kama mtoto.

Thacienne hakulia. Alimfunga Tuyizere mgongoni, akaenda pale karibu na jiko, kwenye kapu jipya. Ndani mlikuwa na mbegu za mavuno ya mwezi wa kwanza, zimejaa majivu mpaka juu. Alipiga magoti akaweka sikio kwenye kapu, na mtoto mgongoni akainama naye. Wakasikiliza wawili, kwa muda mrefu.

Kimya.

Aliinuka. Siku ile, kwa furaha na hofu, alikuwa amesahau kidonge cha asubuhi. Akaitoa chupa kati ya vikombe, mbele ya Mama Françoise, akameza.

"Bamelala," alimwambia mtoto. "Hawajakufa. Na shiye hatutabaamsha."